Kumfufua mtu mbele ya kamera: uchambuzi wa kisa cha filamu ya Ordet

Kisa kwa ufupi

Mwongozaji anatakiwa kumfufua mwanamke aliyekufa, mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, na wengi wao hawaamini kabisa kwamba wafu hufufuka. Mwanamke huyo yumo ndani ya jeneza lililo wazi, katika sebule yenye mwanga mweupe, ndugu na majirani wamemzunguka. Hakuna moshi wala radi. Jambo likipwaya kidogo tu, ukumbi mzima unaangua kicheko, na saa mbili za kazi nzito zinaishia hapo.

Mzigo huo alijitwisha Mdenmark Carl Theodor Dreyer mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 65. Filamu ni Ordet, yaani Neno. Kwa desturi uchambuzi wa namna hii huficha majina ya wahusika. Hapa familia yenyewe ni ya kubuni, kwa hiyo nitawaita kwa majina yao. Ninachopima ni maamuzi ya mwongozaji: alichokata, alichobakiza, na jinsi alivyomwandaa mtazamaji kwa dakika zile za mwisho bila mtazamaji kujua kwamba anaandaliwa.

Usuli

Hadithi ilianza kama tamthilia. Kaj Munk, mchungaji wa Vedersø, kijiji cha magharibi ya Jutland, rasi ya Denmark, karibu na Bahari ya Kaskazini, aliiandika mwaka 1925. Ilipopandishwa jukwaani Copenhagen mwaka 1932, Dreyer alikuwa miongoni mwa watazamaji, na tangu hapo alitamani kuitia kwenye filamu. Alitanguliwa. Mwaka 1943 Gustaf Molander wa Sweden alitoa filamu yake, Victor Sjöström akicheza kama baba wa familia. Munk mwenyewe hakuona mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia: Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimuua Januari 1944, kwa sababu hakunyamaza mimbarani wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani.

Dreyer naye alikuwa amekaa karibu miaka kumi bila filamu ndefu. Ile ya mwisho, aliyoifanya Sweden mwaka 1945, hakutaka hata kuitambua kama yake. Katika miaka hiyo alitengeneza filamu fupi za serikali, na mwaka 1952 akapewa leseni ya kuendesha ukumbi wa sinema wa Dagmar, njia ambayo Wadenmark waliitumia kumpatia msanii riziki. Kwa hiyo aliyeingia kwenye kisa hiki hakuwa kijana wa kujaribu bahati. Alikuwa mzee aliyelitafakari jambo moja kwa miaka ishirini na ushee.

Ili kuielewa familia, ni lazima kujua pande mbili za Ulutheri wa Denmark. Upande mmoja ni wafuasi wa N. F. S. Grundtvig (1783–1872), mchungaji na mtunzi wa nyimbo aliyefundisha Ukristo wa furaha, wimbo, elimu ya watu wazima na maisha ya kijamii. (Wazo lake la shule za watu wazima vijijini lilienea hadi Sweden, na kupitia Sweden likafika Tanzania katika miaka ya 1970 kwa sura ya vyuo vya maendeleo ya wananchi.) Upande wa pili ni Indre Mission, chama cha uamsho kilichoanzishwa mwaka 1861: toba, ushuhuda mbele ya kikundi, na mstari ulionyooka kati ya aliyeokoka na asiyeokoka. Aliyekulia karibu na walokole hatahitaji maelezo zaidi. Ila hawa wote wawili ni waumini wa kanisa moja la taifa. Wanazikana makaburi yale yale.

Mambo yalivyofuatana

Borgensgård ni shamba la mzee Morten Borgen, mjane na nguzo ya upande wa Grundtvig wilayani. Ana wana watatu. Mikkel, mkubwa, amepoteza imani na hafichi. Johannes, wa kati, alisoma theolojia hadi akili ikamruka. Sasa anatembea nyumbani na koti refu, akisema kwa sauti nyembamba ya kuvuta kwamba yeye ndiye Kristo. Anders, kitinda mimba, anampenda Anne, binti wa Peter fundi cherehani. Fundi huyo ndiye kiongozi wa Indre Mission kijijini.

Anayeishikilia nyumba ni Inger, mke wa Mikkel. Ana mabinti wawili na ni mjamzito, na mzee anasubiri mjukuu wa kiume kwa hamu asiyoificha. Ni Inger anayembembeleza baba mkwe amruhusu Anders aoe. Anamwekea kahawa, anamtilia maneno mazuri huku mikono yake ikiendelea na unga wa biskuti mezani, na mzee anajua kabisa anabembelezwa. Anakataa.

Kisha habari inafika kwamba fundi cherehani naye amemkataa Anders: kijana hana imani inayotakiwa. Hapo mzee anageuka. Mwanawe hafai? Mwana wa Borgen? Anapanda gari la farasi pamoja na Anders kwenda kwa Peter kuidai ndoa ile ile aliyoikataa muda mfupi uliopita. Wanakuta watu wamekusanyika kwa sala. Wazee wawili wanabaki chumbani, kila mmoja akitaka kumwokoa mwenzake, hadi simu inalia: Inger yuko kwenye uchungu na hali ni mbaya. Peter anatamka kwamba anatumaini Inger atakufa, ikiwa kifo hicho ndicho kitakachomrudisha Morten kwa Mungu. Morten anamvamia.

Ni uzazi pingamizi. Daktari analazimika kumtoa mtoto vipande vipande ili kumnusuru mama. Baba anapouliza, Mikkel anajibu kwamba ni mvulana, yumo ndani, kwenye ndoo, vipande vinne. Inger anapata nafuu, daktari anakunywa kahawa na kumtania mzee: kilichosaidia ni sala zako au kazi yangu? Anaaga. Taa za gari lake zinapita ukutani, na Johannes anaona mtu mwenye mundu akiingia kumchukua Inger. Dakika chache baadaye Inger amekufa.

Johannes anajaribu kumwamsha, anashindwa, anazimia. Usiku anatoroka. Hati ya kifo inaandikwa, saa ya ukutani inasimamishwa, jeneza linaletwa sebuleni. Siku ya mazishi Peter anafika na binti yake na kumkabidhi kwa Morten, ili nyumba isikose mwanamke. Ndipo Johannes anarudi. Macho yake yametulia na sauti ni ya mtu wa kawaida. Anawauliza kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kumwomba Mungu amrudishe Inger. Wanamwambia anamkufuru Mungu. Anawajibu kwamba wanaokufuru ni wao, kwa uvuguvugu wao. Hakuna mtu mzima hata mmoja anayesogea. Anayesogea ni Maren, binti mkubwa wa Inger, anayemshika baba yake mdogo mkono na kumhimiza afanye haraka. Johannes anamwita Inger kwa jina la Yesu Kristo. Vidole vilivyofungamana juu ya kifua vinaanza kuachana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza. Tamthilia ya Munk ina maneno mengi. Ni kazi ya mchungaji aliyezoea mimbari, na wahusika wake wanapenda kuhojiana hadi mwisho. Dreyer alikata sehemu kubwa ya mazungumzo na kubakiza sentensi ambazo mkulima angezisema akiwa na kikombe mkononi. Kwenye jukwaa neno lazima libebe kila kitu. Kwenye filamu, mtu akikaa kimya kwa sekunde kumi akitazama mlango, ameshasema.

Kupunguza huko kuliingia hadi jikoni. Husimuliwa jinsi jiko la Borgensgård lilivyotengenezwa: kwanza likajazwa kila kitu ambacho jiko la shamba lingekuwa nacho, kisha Dreyer akaanza kutoa, kimoja kimoja, mpaka vikabaki vile vichache vinavyotosha kumwambia mtazamaji kwamba hapa ni jikoni. Matokeo yake ni nyumba ambayo kila kitu kinaonekana kwa sababu hakuna kinachozidi. Birika, kiko cha mzee, saa ya ukutani, kiti. Saa inaposimamishwa unaisikia, kwa kuwa ulikuwa umeisikia ikitembea.

Pili ni mwendo wa kamera. Filamu ina dakika 126 na shoti (vipande vya picha visivyokatwa) kama 114 tu, ikiwa na maana kwamba kwa wastani kila shoti inazidi dakika moja. Mpigapicha Henning Bendtsen anaiteleza kamera kutoka mtu hadi mtu, taratibu, bila kukata. Sababu ya kuchagua hivyo si madoido. Ukikata, unamwambia mtazamaji: sasa tazama hiki. Usipokata, yeye mwenyewe anakaa chumbani na watu hao, anachoka nao, anasubiri nao. Tazama pale Johannes ameketi usiku na Maren anamjia kumuuliza kama mama atakufa. Kamera inawazunguka polepole, nao wanazungumza kuhusu kifo na kufufuka kwa utulivu, kama watu wanaopanga safari ya sokoni. Mtoto anapendelea mama afe kisha afufuliwe na baba mdogo. Johannes anamwambia wengine hawatamruhusu. Hiyo ndiyo mbegu ya mwisho wote, na imepandwa mapema, kwenye kona ya chumba, katika mazungumzo ambayo mtazamaji anayaona ni ya kichaa na mtoto.

Tatu ni sauti ya uchungu. Birgitte Federspiel, aliyecheza Inger, alikuwa mjamzito kweli, na kwa ridhaa yake sauti zake za leba zilirekodiwa na kutumika kwenye filamu. Wapo wanaouona uamuzi huu kama kuvuka mpaka. Ninaelewa kwa nini, lakini kisanaa ulikuwa hesabu iliyopigwa vizuri. Hatuonyeshwi jeraha. Tunachopewa ni mguno ambao hakuna mwigizaji angeweza kuubuni, na baada ya kuusikia hatuwezi tena kumchukulia Inger kama mfano wa mahubiri.

Nne, na hapa ndipo Dreyer alipoachana na mchungaji wa Vedersø: aliufunga mlango wa dharura. Katika tamthilia, daktari anapewa nafasi ya kunung'unika kuhusu ukaguzi wa maiti, kiasi cha kumruhusu mtazamaji asiyeamini aende nyumbani akisema labda hakuwa amekufa. Dreyer aliliondoa hilo. Akabakiza hati ya kifo, jeneza, na kilio cha Mikkel. Mtazamaji hana pa kuchomokea.

Tano, mwili. Kando ya jeneza mzee anamfariji mwanawe kwamba Inger hayupo hapa, yuko mbinguni. Mikkel anajibu kwamba mwili wake upo hapa, na kwamba mwili huo pia aliupenda. Hii ni sentensi ya mtu asiye na dini katika nyumba iliyojaa dini, na Dreyer ameiweka mahali ambapo wengine wangeweka aya ya Maandiko. Inger anapoamka, kitu cha kwanza anachofanya ni kumkumbatia mumewe, mdomo wake wazi kwenye shavu la Mikkel, kwa nguvu, karibu kama anayemng'ata. Hakuna mwanga wa kimalaika. Ni mke anayemrudia mume.

Matokeo

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen Januari 1955, katika ukumbi ule ule wa Dagmar ambao Dreyer aliuendesha. Mwaka huo huo ilitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, kisha Marekani ikapata tuzo ya Golden Globe kwa filamu za lugha za kigeni. Nyumbani watu walikwenda kuitazama kwa wingi, jambo ambalo Dreyer hakulizoea. Baada yake alifanya filamu ndefu moja tu, Gertrud ya 1964, na akafariki mwaka 1968 bila kuitengeneza filamu ya maisha ya Yesu aliyoiandalia kwa miaka mingi.

Kilichofaulu

Muujiza umekubalika kwa sababu ya kazi za nyumbani. Tangu mwanzo tumemtazama Inger akimimina kahawa, akikata unga, akimsuta mumewe kwa upole, akisuluhisha wanaume wanaogombana kuhusu Mungu. Yeye peke yake hana hoja. Mikkel akimwambia hana imani, Inger anamjibu kwamba ana moyo na wema, na imani itakuja. Akifa, nyumba inavunjika kweli, na mtazamaji, awe anaamini au haamini, anamtaka arudi. Dreyer hakuhitaji kumshawishi mtu kwamba ufufuo unawezekana. Alihitaji tu kumfanya autamani, kisha akaleta mtoto ambaye haoni kwa nini jambo linalotamaniwa hivyo lisiombwe.

Pia kila aliyetarajiwa kuwa chombo cha muujiza anapita mtihani na kuanguka. Morten alisali, lakini anakiri kwamba sala zake kwa ajili ya Johannes hazikuwa na tumaini la kweli. Fundi cherehani ana uhakika wote wa wokovu na anautumia kuombea kifo cha jirani. Mchungaji wa parokia anamweleza Johannes, bila kujua anazungumza na nani, kwamba miujiza haitokei tena. Johannes mwenyewe alishindwa alipokuwa na kichaa na kujidhania Kristo. Alifaulu alipokuwa timamu na kuomba kwa jina la mwingine. Mpangilio huu ni mkali kuliko unavyoonekana, na hausemwi na mhusika yeyote. Unatokana na kupanga nani anaongea lini.

Kuna wanaoeleza nguvu ya filamu kwa maisha ya Dreyer: mama yake mzazi, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Sweden, alifariki mwaka 1891 katika jaribio la kutoa mimba, mwana akiwa bado mdogo sana. Ni kweli, na huzuni yake ni dhahiri. Lakini maelezo hayo hayamfundishi mtu jinsi ya kupanga tukio, kwa hiyo siyategemei.

Kilichopwaya

Sababu ya kichaa cha Johannes inatolewa kwa mzaha mmoja: mchungaji anadhani ni mapenzi, anaambiwa ni Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Ukumbi unacheka, na baada ya hapo filamu haigusi tena jambo hilo. Uponyaji wake vilevile hauelezwi. Anarudi kutoka nje akiwa mzima, basi. Wengine watasema ndiyo siri yenyewe. Mimi naona hapo Dreyer alikuwa na haraka.

Mikkel naye anageuka upesi mno. Inger anauliza kama mtoto yu hai. Anajibiwa kwamba yu hai, nyumbani kwa Mungu. Na hapo hapo Mikkel anasema ameipata imani ya mkewe. Mtu aliyekuwa na uaminifu wa kutosha kusema kwamba anaupenda mwili angestahili dakika mbili za kusita. Kinachoiokoa sehemu hii ni kwamba mtoto hakurudi. Muujiza una bei iliyokwisha kulipwa, na Dreyer haifuti. Wazee wawili wanakumbatiana wakimtaja Mungu wa Eliya, Anders anaianzisha saa upya, lakini mvulana aliyesubiriwa na babu amekwenda.

Halafu kuna Anne. Baba yake amemkataza, baba yake amemtoa, na mara zote mbili yeye amesimama pembeni. Anapoletwa Borgensgård siku ya mazishi, analetwa ajaze pengo la marehemu jikoni. Fundi cherehani amesoma Mahubiri ya Mlimani, amejuta, na toba yake anailipa kwa binti. Dakika chache baadaye marehemu anaamka, na filamu haimrudii Anne tena kumuuliza lolote. Anayefundisha kwa kisa hiki asiliruke. Wanafunzi wa kike huwa wanaliona kabla ya mwalimu, na kwa haki kabisa wanauliza kama Dreyer, aliyemsikiliza Inger hadi kwenye pumzi yake, alimsahau msichana huyu au aliona hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jutland ya 1925.